Ripoti ya Daktari na Mtoto Anayeachwa Nyuma Darasani

Mzazi anayeambiwa kwamba mtoto wake wa darasa la kwanza "ni mzito" kwa kawaida hupewa ushauri mmoja: ampeleke hospitali. Hospitali humpima, humwandikia cheti chenye jina la ugonjwa na muhuri, kisha humrudisha shuleni. Mwalimu hukipokea cheti, hukiweka katika faili, na mtoto huketi pale pale alipokuwa akiketi, nyuma kabisa. Kila upande umetimiza wajibu wake, na hakuna kilichobadilika. Kasoro kubwa imo katika karatasi yenyewe: inamtaja ugonjwa wa mtoto kwa jina, lakini haimwelezi mwalimu afanye nini kesho asubuhi.

Kabla ya kuuzungumzia uwezo wa akili, sharti masikio na macho yapimwe. Kanuni hii inajulikana kwa kila tabibu, hata hivyo hurukwa mara nyingi, hasa kwa mtoto anayegeuka akiitwa. Mtoto aliyepungukiwa usikivu kwa desibeli 30 hivi hugeuka akiitwa kwa karibu. Husikia irabu, kwa kuwa zina nguvu, lakini hupoteza konsonanti hafifu kama f, s, sh na th. Kwake "fika" na "shika" huweza kuwa neno moja. Nyumbani, ambako mama huzungumza naye wakiwa hatua moja mbali na kitu kinachotajwa kinaonekana kwa macho, upungufu huo haujulikani. Darasani ni habari nyingine. Mahali pa wazi, kila umbali unapozidishwa mara mbili, sauti hushuka kwa takribani desibeli 6. Sauti ya mwalimu yenye desibeli 60 kwa mita moja huwa na desibeli 42 tu kwa mita nane. Ndani ya chumba kuta hurudisha sehemu ya sauti hiyo, lakini huirudisha pamoja na mwangwi, kelele za madawati na minong'ono ya watoto themanini. Mtoto wa nyuma husikia kwamba mwalimu anasema, asijue anasema nini. Baada ya majuma machache huacha kusikiliza, na hapo ndipo huitwa mtundu au mvivu.

Chanzo mara nyingi hutibika: nta iliyoziba, majimaji yaliyotuama nyuma ya ngoma ya sikio, au usaha unaotoka kwa miezi na kuchukuliwa na familia kuwa jambo la kawaida la utotoni. Kisichotibika pia kina dalili zake katika historia ya mtoto. Mzazi aulizwe kuhusu umanjano mkali wa siku za mwanzo, homa ya uti wa mgongo, na sindano za dawa kama gentamisini. Kadi ya kliniki isitupwe mtoto anapotimiza miaka mitano; mengi ya majibu haya yamo humo.

Macho hupimwa kwa chati ya herufi E, ambayo haihitaji mtoto ajue kusoma. Jambo la tatu husahauliwa zaidi: kipo kifafa kisichoangusha mtu. Mtoto huduwaa kwa sekunde chache, macho yamekaza, kisha huendelea na alichokuwa akifanya. Likimtokea mara nyingi kwa siku, somo humfikia likiwa vipande vipande. Mwalimu ndiye shahidi bora wa hali hii, na daktari asiyemwuliza mwalimu hataipata.

Uchukuliwe mfano wa binti wa miaka saba, darasa la pili, mwenye tundu la muda mrefu katika ngoma ya sikio la kushoto na upungufu mdogo upande wa kulia. Cheti cha kawaida kingesema: "Ana upungufu wa kusikia, apewe msaada maalumu." Ripoti inayofaa ingesema kwamba binti huyu anaelewa sauti ya kawaida ndani ya mita mbili akiuona uso wa msemaji, aketi mstari wa mbele, upande wa kushoto wa darasa, ili sikio lake bora lielekee kwa mwalimu, mwalimu asitoe maelezo huku amelipa darasa mgongo akiandika ubaoni, imla asomewe akiwa karibu, maji yasiingie sikioni, arudi kupimwa baada ya miezi mitatu. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji fedha za serikali.

Kwa mtoto ambaye tatizo lake ni la kujifunza, ripoti itaje anachoweza: anatekeleza agizo lenye hatua mbili, anahesabu vitu hadi kumi, anasimulia kwa mdomo asichoweza kuandika. Kuandika kwamba mtoto wa miaka saba "ana akili ya mtoto wa miaka minne" ni desturi mbaya. Humfanya mwalimu amngoje mtoto akue, badala ya kumfundisha kuanzia pale alipofika.

Ripoti ikishapatikana, mzazi amwandikie mwalimu mkuu barua fupi, aambatishe nakala, abaki na nyingine. Ombi la mdomo husahaulika mwalimu anapohamishwa. Mwalimu mkuu naye awasiliane na afisa elimu maalumu wa halmashauri ili mtoto afanyiwe upimaji wa kielimu, kazi ambayo daktari hana mafunzo nayo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtambua mtoto mwenye ulemavu kuwa na haki ya kusoma katika shule ya kawaida, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu. Mzazi anayeomba hajaenda kuomba hisani.

Isipokuwa hiyo ina uzito wake. Mtoto kiziwi kabisa anayeketishwa katika darasa lisilo na lugha ya alama amepelekwa shule bila kupewa elimu. Wazazi huogopa bweni kwa mtoto wa miaka sita, na hofu hiyo ni ya haki. Lakini miaka ya kujifunza lugha haisubiri, na mtoto anayefika miaka kumi bila lugha yoyote, ya sauti au ya alama, hupata hasara ambayo shule haiwezi kuifidia kikamilifu. Kwa wengine wengi, kitengo cha elimu maalumu ndani ya shule ya jirani, au dawati la mbele tu, hutosha.

Ripoti hizi zitunzwe kwa mpangilio wa tarehe. Katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, Baraza la Mitihani la Tanzania huwaandalia watahiniwa wenye mahitaji maalumu karatasi za nukta nundu au maandishi makubwa, na huwaongezea muda: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Shule ndiyo inayowasilisha taarifa za mtahiniwa, nayo huandika kile kilichomo katika faili lake.