Kunyoosha Magurudumu Baada ya Matengenezo ya Usukani

Kengeja, kusini mwa kisiwa cha Pemba, ipo skuli ya sekondari ya ufundi, na barabara za kisiwa hicho zina vilima na kona nyingi. Matairi huletwa huko kwa kuvushwa bahari. Hivyo tairi linalolika kabla ya wakati wake ni hasara kubwa. Mara nyingi chanzo cha hasara hiyo si ubovu wa tairi, bali ni usukani uliotengenezwa bila magurudumu kupimwa upya.

Kazi ya tairodi

Dereva anapozungusha usukani, mwendo wake hupelekwa kwenye magurudumu ya mbele na fito ziitwazo tairodi. Kila tairodi husukuma au huvuta mkono mfupi uliofungwa kwenye gurudumu. Kwa hiyo urefu wa tairodi ndio unaoamua gurudumu lielekee wapi. Fundi anapobadilisha tairodi endi iliyolegea, urefu huo hubadilika, hata kama amehesabu mizunguko alipoifungua ile kuukuu, kwa sababu kifaa kipya huenda kisilingane barabara na cha zamani.

Hesabu ya mzunguko mmoja

Tuchukue mfano. Tairodi endi ikizungushwa mara moja husogea milimita 1.5. Mkono wa gurudumu una urefu wa milimita 150, na kipenyo cha tairi ni milimita 600. Gurudumu litageuka kwa pembe ya 1.5 ÷ 150 = 0.01 rediani, yaani takriban nyuzi 0.57. Kwenye kipenyo cha tairi, tofauti baina ya ukingo wa mbele na wa nyuma itakuwa 600 × 0.01 = milimita 6. Magari mengi madogo huruhusu tofauti ya milimita chache tu. Kipimo halisi hutolewa na kitabu cha gari lenyewe.

Gari likienda moja kwa moja, magurudumu mawili hugawana kosa hilo, kila moja rediani 0.005. Basi katika kila kilomita moja, kila tairi ni kama limeburuzwa kwa ubavu mita 5. Katika kilomita 100 ni mita 500. Mpira hauwezi kustahimili msuguano huo kwa muda mrefu. Zaidi ya hayo, wakati wa masika, tairi lililolika hushindwa kuyatoa maji chini yake, na gari huweza kuteleza dereva anapofunga breki.

Namna ya kupima

Pasipo na mashine, kipimo cha awali hupatikana kwa choki, timazi na futi ya chuma:

1. Gari lisimame kwenye sakafu tambarare, matairi yote yakiwa na upepo sawa. Lililoinuliwa kwa jeki lisukumwe kwanza mbele kidogo ili springi zitulie.
2. Usukani unyooshwe. Katika kona gurudumu la ndani hugeuka zaidi kuliko la nje, kwa hiyo kipimo cha konani hakifai.
3. Kila tairi la mbele litiwe alama katikati ya uso wake, upande wa mbele, kwa kimo cha kitovu cha gurudumu. Timazi iteremshwe kutoka hapo, na sakafu itiwe alama.
4. Gari lisukumwe mbele mpaka alama zilezile zifike nyuma kwa kimo hichohicho. Timazi iteremshwe tena.
5. Upimwe umbali baina ya alama mbili za mbele, kisha baina ya zile za nyuma. Umbali wa mbele ukiwa mdogo, magurudumu yamebana mbele. Ukiwa mkubwa, yamepanuka.

Kurekebisha

Tairodi ikiwa nyuma ya ekseli, kuirefusha hubana magurudumu kwa mbele. Ikiwa mbele ya ekseli, kuirefusha huyapanua. Tairodi zote mbili zirekebishwe kwa kiasi sawa, ili usukani usikae upande gari linapokwenda moja kwa moja. Mwishowe nati za kufungia zikazwe, na kipimo kirudiwe.

Yafaa ikumbukwe kwamba timazi haipimi kila kitu. Gurudumu huweza pia kuegemea ndani au nje likitazamwa kutoka mbele, na mhimili wake wa kugeukia una mwinamo wake maalumu. Hayo yanahitaji vyombo vya karakana, na kazi yote ya usukani isimamiwe na fundi aliyehitimu.

Zoezi

Tairi lina kipenyo cha milimita 700, na mkono wa gurudumu ni milimita 140. Tairodi endi ya aina ileile imezungushwa nusu mzunguko. Je, tofauti baina ya kipimo cha mbele na cha nyuma itabadilika kwa milimita ngapi?

Jibu: 0.75 ÷ 140 × 700 = milimita 3.75.