Kupima Damu Badala ya Kuikadiria: Hatua ya Kuokoa Maisha ya Mzazi

Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wazazi duniani. Kwa desturi, damu huhesabiwa kuwa nyingi inapofikia mililita 500 ndani ya saa 24 baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida. Tatizo ni namna ya kukitambua kiasi hicho. Mkunga anapokadiria kwa macho, damu iliyofyonzwa na kanga au pamba huonekana kidogo kuliko ilivyo, na matibabu huchelewa.

Ubunifu unaoziba pengo hili ni shuka la plastiki lenye mfuko ulioandikwa vipimo. Hutandikwa chini ya makalio ya mzazi mara tu mtoto anapozaliwa, na damu hukusanyika mfukoni ambamo kila mtu aweza kuisoma.

Utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023, uliijaribu njia hii katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Katika hospitali zilizoitumia, tatizo liligunduliwa kwa asilimia 93 ya waliotokwa na damu nyingi, ikilinganishwa na asilimia 51 kwingineko. Madhara makubwa ya kutokwa na damu yalipungua kwa asilimia 60.

Shuka peke yake halizuii damu. Mafanikio yalitokana na kutoa huduma zifuatazo kwa pamoja, bila kungoja moja ishindwe ndipo nyingine ianze:

1. Kusugua tumbo ili mji wa mimba ukaze.
2. Kutoa dawa ya kukaza mji wa mimba, kama oksitosini.
3. Kutoa asidi ya traneksamiki, ambayo hufaa ndani ya saa 3 baada ya kujifungua.
4. Kutundika dripu.
5. Kuhakikisha kibofu ni kitupu, kukagua kondo la nyuma na kutafuta michaniko; damu isipokoma, kuomba msaada wa ngazi ya juu.

Mahali pasipo na shuka hilo, vitambaa vilivyolowa vipimwe kwa mizani na uzito wake mkavu utolewe: gramu 1 ni takriban mililita 1.

Nawe mzazi, ukihisi kizunguzungu, moyo kwenda mbio au damu kulowesha pedi upesi, mwite mhudumu papo hapo. Ukiwa umeruhusiwa kurudi nyumbani, rejea kituoni bila kungoja kupambazuke.