SOMO: HII LUPANGO NI YA NANI?



Sisi watoto wa Katuba tunajua namna mambo hii inaanzaka. Baba anakufa. Kilio haijaisha, na tayari watu wanahesabu vyumba. Baba mudogo anasema: "Hii lupango ni ya ndugu yetu. Mutoke, mwende ku bajomba benu." Ao mutu asiyejulikana anafika na mukanda mkononi: "Marehemu aliniuzishaka." Pale wengine wanakamata fimbo, wengine wanakimbilia kwa nganga. Tunataka kuonyesha njia ingine: sheria.

1. Udongo

Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, iliyogeuzwa kidogo mwaka wa 1980, udongo wote ni mali ya Leta. Leta inatupatia haki ya kuutumia. Kwa raia wa Kongo haki hiyo inaweza kuwa ya daima, na watoto wanairithi. Hati inayoihakikisha ni moja tu: sertifika ya kuandikishwa, inayotolewa na konservatere wa hati za udongo.

Wazee wetu wengi walipata, tangu wakati wa Wabeleji, kitabu cha mwenye nyumba, ndiyo livre ya lojere. Sheria ya 1973 haikukitupa. Mwenye kuwa nacho kwa halali alipewa njia ya kupata haki ya daima, kama lupango iko pahali palipopimwa na imejengwa sawa inavyotakiwa. Lakini lazima kuiomba. Kitabu kilicholala mu sanduku, na fishi ya komini, vinasaidia kuonyesha kama mutu alikaa pale. Havina nguvu ya sertifika.

2. Kuuza na kuuzisha

Wengi wanafikiri: nimelipa, tumetia sinyatire, imeisha. Hapana! Mukanda wa kuuzishana ni mwanzo tu. Haki inapita kwa mununuzi siku sertifika mupya inaandikwa kwa jina lake. Sababu ya hii, mudanganyifu anaweza kuuzisha lupango moja kwa watu watatu. Wa kwanza analala na mukanda wake, wa tatu anakimbia kwa konservatere, na huyu wa tatu njo anaitwa mwenyewe.

Tena kuna hesabu ya siku. Sheria inasema kama sertifika ikimaliza miaka 2, haishambuliwi tena. Aliyepoteza anabakia kuomba malipo ya hasara tu. Basi mwenye kunyamaza anajifungia mulango.

Nabii Yeremia alijua jambo hili. Katika sura ya 32 alinunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha. Alipima feza mbele ya washahidi, akaandika hati, akaitia muhuri, akaagiza Baruku aiweke katika chombo cha udongo, ipate kudumu. Alifanya vile wakati yeye mwenyewe alikuwa kifungoni na adui walikuwa wamezunguka mji. Na sisi wenye amani, tunaacha mikanda iliwe na panya!

3. Urithi

Kanuni ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyogeuzwa mwaka wa 2016, inaweka watoto mbele: vijana na mabinti sawasawa, pamoja na waliozaliwa inje ya ndoa kama baba aliwakubali akiwa muzima. Kama marehemu hakuacha maandiko mengine, watoto wanapata sehemu tatu kwa nne. Nyuma yao wanakuja mujane, wazazi wa marehemu, na wandugu zake. Baba mudogo si mugeni, anaweza kuwa na sehemu. Lakini mujane ana haki ya kutumia nyumba alimokaa na bwana yake, pamoja na vyombo vyake. Kumufukuza ni kuvunja sheria.

4. Mbele ya juji

Mambo ya urithi inaanzia kwa tribinali ya amani. Ugomvi wa sertifika unakwenda kwa tribinali kubwa. Tupeleke mikanda yote: cheti cha kifo, vyeti vya kuzaliwa, kitabu, risiti za malipo, majina ya majirani wa zamani. Mutu akishindwa, ana siku 30 tangu kupewa hukumu kwa kuomba tribinali ya juu. Siku ya 31, mulango umefungwa.

Wengine watauliza: Mukristo anaweza kushitaki ndugu ya baba yake? Yesu anatuomba kupatana na mushindani tukiwa naye njiani. Basi tuanze kwa wazee wa jamaa na wa kanisa, na mapatano yaandikwe. Lakini mabinti watano wa Selofehadi, katika Hesabu 27, hawakulia pembeni. Walisimama mbele ya Musa na mbele ya watu wote, wakadai fungu la baba yao, na Mungu akasema wako na haki. Paulo naye aliomba hukumu ya Kaisari. Kwenda kwa juji si chuki. Chuki ni fimbo ya usiku.

Kazi yetu juma hili: tuulize wazazi, kwa heshima, "Baba, mama, mikanda ya lupango iko wapi, na iko kwa jina la nani?" Hatuwaombee kufa. Tunaomba tusigombane siku ya kilio.

Maulizo ya kuzungumzia
1. Kwa nini mukanda wa kuuzishana hautoshi?
2. Miaka 2 na siku 30 zinatufundisha nini?
3. Mabinti wa Selofehadi wangekaa Katuba leo, wangeanzia wapi?