SOMO: KUBADILI PAMPU YA PETROLI KWENYE GARI LA ZAMANI



Miaka kadhaa iliyopita niliidhinisha malipo ya pampu mpya kwa ajili ya gari la mradi lililokuwa likizimika kila linapopanda mlima. Pampu ilinunuliwa na kufungwa. Siku ya pili gari likazimika kwenye mlima ule ule, likiwa na wauguzi wawili na sanduku la chanjo. Wakamalizia safari kwa miguu. Kosa lilikuwa kwenye kipande cha mpira kati ya bomba la tanki na pampu: kilikuwa na ufa. Sahihi kwenye hati ya malipo ilikuwa yangu.

Kwa hiyo somo hili lina neno moja kuu: pima kwanza, ndipo ubadilishe.

Pampu inavyofanya kazi

Tunazungumzia magari ya petroli yenye kabureta, kama Toyota Hilux yenye injini ya 22R au Land Rover Series III ya silinda nne. Pampu yake imefungwa kwenye injini kwa bolti au nati chache tu. Kamshafti inapozunguka husukuma mkono wa pampu, na mkono huvuta kiwambo cha mpira kilichomo ndani. Kiwambo huvuta petroli kutoka kwenye tanki, kisha springi hukirudisha na petroli husukumwa kwenda kwenye kabureta. Valvu mbili ndogo huzuia petroli isirudi nyuma.

Magari ya injeksheni ni tofauti. Pampu yake ni ya umeme, mara nyingi imo ndani ya tanki, na shinikizo lake ni kubwa mara nyingi zaidi. Kazi hiyo mwachieni fundi. Wala msikubali pampu ya injeksheni ifungwe kwenye gari la kabureta. Kabureta itafurika petroli.

Kabla ya kununua pampu

1. Hakikisha tanki lina petroli. Usiamini geji peke yake.
2. Gari likizimika, fungua kifuniko cha tanki. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu na gari likapona, tundu la hewa limeziba.
3. Angalia chujio la petroli. Likiwa na uchafu, libadilishe.
4. Kagua mipira yote. Mpira ulio kati ya tanki na pampu unaweza kuwa na ufa bila kudondosha hata tone, kwa sababu pampu huvuta hewa kupitia ufa huo. Hili ndilo lililotupata sisi.
5. Injini ikiwa imepoa, chomoa mpira unaoingia kwenye kabureta na uuelekeze kwenye chombo. Ondoa waya mwembamba wa koili ili plagi zisitoe cheche, kisha mwenzako apige starta kidogo. Petroli ikiruka kwa mapigo yenye nguvu, pampu ni nzima.
6. Chomoa kijiti cha oili. Oili ikinuka petroli, au ikiwa imepanda kupita alama, huenda kiwambo kimepasuka na petroli inaingia kwenye injini. Usiliendeshe gari hilo.

Usalama

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na unaweza kufika kwenye jiko la mkaa lililo mbali nawe. Fanyeni kazi nje, mbali na jiko, sigara na watoto. Wekeni karibu kizimamoto cha unga na ndoo ya mchanga mkavu; maji hueneza moto wa petroli. Tumieni tochi, kamwe si kiberiti.

Na ile desturi ya kunyonya petroli kwa mdomo ikome. Ikiingia kwenye mapafu inaweza kuua. Aliyemeza asitapishwe, apelekwe hospitali mara moja.

Hatua za kubadili

1. Vuta breki ya mkono na uweke mawe kwenye magurudumu. Injini iwe imepoa. Ondoa waya hasi wa betri.
2. Weka alama kwenye kila mpira: wa kuingia, wa kutoka, na wa kurudi kama upo. Ichomoe na uizibe midomo yake, maana petroli inaweza kuendelea kutiririka kutoka kwenye tanki.
3. Legeza bolti kidogo kidogo kwa zamu, kisha toa pampu. Kwangua gasketi kuukuu, lakini mabaki yasiangukie ndani ya injini.
4. Linganisha pampu mpya na ya zamani: urefu wa mkono, matundu, na unene wa kipande cha katikati kama kipo. Kikiachwa nje, mkono husukumwa kupita kiasi.
5. Weka gasketi mpya. Ingiza mkono wa pampu ukae sawasawa kwenye kamshafti. Pampu ikigoma kukaa, usiivute kwa bolti. Zungusha injini kwa spana mpaka mkono uwe huru.
6. Kaza bolti kwa zamu, kwa nguvu ya kiasi. Funga mipira mipya ya petroli kwa klipu. Mpira wa maji haufai, petroli huulainisha.
7. Kama oili ilichanganyika na petroli, badilisha oili na chujio lake kabla ya kuwasha.
8. Rudisha waya wa koili na wa betri. Washa, kisha kagua kila kiungo kwa dakika kadhaa. Kikivuja hata tone, zima.

Wajibu wa kamati

Pampu ya zamani na stakabadhi zikabidhiwe kwa mweka hazina, na tarehe pamoja na kilomita ziandikwe kwenye daftari la gari. Wanaotuchangia wana haki ya kuuliza fedha ilikwenda wapi, nasi tuwe na kitu cha kuwaonyesha.

Maswali ya kujadili

1. Nani katika kamati yetu anauliza "mmepima?" kabla ya kuidhinisha kununua kipuri?
2. Mara ya mwisho mipira ya gari letu ilikaguliwa lini?
3. Gari likizimika njiani, aliyemo ndani atafikaje aendako?