TUMIA VIDOLE, SOMA HESABU ZAKO

Ndugu mwanakisomo,

Zamani barua yako ilisomwa na mtu mwingine, na siri yako aliijua yeye kwanza. Kisomo kimeiondoa aibu hiyo. Lakini siku hizi kilo za kahawa za wakulima wa Mbozi zinaweza kuandikwa ndani ya kompyuta. Usipojua kuitumia utarudi kule kule: utasomewa na kijana wa stesheneri pale Vwawa au Tunduma. Basi tujifunze.

Kompyuta mpakato hukunjwa kama kitabu. Juu kuna kioo, chini kuna vitufe vya herufi. Mbele ya vitufe, upande wako, kuna kibao laini. Nawa mikono, uikaushe. Kibao hakisikii vizuri kidole chenye maji.

1. Telezesha kidole kimoja polepole. Mshale kwenye kioo utakwenda unakokwenda wewe. Gonga mara moja kuchagua. Gonga mara mbili upesi kufungua faili.

2. Telezesha vidole viwili pamoja, juu au chini. Ukurasa utasogea.

3. Weka vidole viwili, kisha vitanue. Maandishi madogo yatakuwa makubwa.

4. Kitufe cha Tab hukupeleka kwenye kisanduku kinachofuata. Vitufe vinne vya mishale hukupeleka juu, chini, kushoto na kulia.

5. Shikilia Ctrl, bonyeza S. Kazi yako imehifadhiwa. Ukikosea, shikilia Ctrl, bonyeza Z. Programu nyingi zitarudisha ulichofuta.

Sasa sikiliza vizuri. Unapoandika, usilaze kiganja juu ya kibao. Kikigusa, mahali pa kuandikia panaweza kuhama bila wewe kujua. Tuseme mama mmoja ameleta kilo 85. Kiganja kimegusa, na 85 imeingia kwenye mstari wa jirani yake. Siku ya malipo ugomvi utazuka, na wala hakuna aliyeiba! Kwa hiyo kila ukiandika namba, inua macho. Soma jina na kilo kwa sauti, mwenye mali asikie. Ndipo uhifadhi.

Ulipoanza kushika kalamu mkono ulitetemeka. Hata hapa utatetemeka kidogo. Usiogope, rudia.

MASWALI
1. Utafunguaje faili kwa kidole kimoja?
2. Kwa nini kiganja kisiguse kibao?
3. Katika kikundi chenu, nani huangalia namba kabla ya kuhifadhiwa?