Kupima Kujiamini kwa Wanafunzi Wanaojifunza Kuogelea: Somo kwa Jamii za Ziwani



Mpaka wa Uganda, Kenya na Tanzania hupita juu ya maji ya Ziwa Viktoria, na wavuvi, wachuuzi na wasafiri huuvuka kwa mashua usiku na mchana. Wengi wetu tumekulia ufukoni. Hata hivyo, kukulia kando ya maji si kujua kuogelea. Tarehe 24 Novemba 2018 chombo MV Templar kilizama upande wa Mukono, nchini Uganda, kikiwa kimewabeba watu waliokwenda kujiburudisha, na zaidi ya 30 wakapoteza maisha.

Katika somo hili tunaangalia jambo ambalo mara nyingi huamua nani atapanda chombo bila jaketi la kuokoa maisha na nani atajitosa majini: kadiri mtu anavyojiamini. Tumechukua mfano wa wanafunzi wa vyuo vikuu kwa kuwa watafiti wamewapima, nao ni vijana wetu wanaorejea nyumbani kila likizo.

Kujiamini ni nini?

Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza mwaka 1977 kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake wa kutenda jambo fulani ndiyo humfanya alijaribu, alivumilie au aliache. Imani hiyo si majivuno ya jumla. Mwanafunzi aweza kuhutubia ukumbi mzima bila hofu, kisha akatetemeka maji yamfikapo kifuani. Kinachoikuza zaidi ni kufaulu kwa vitendo, hatua kwa hatua; kisha kuwaona wenzake wakifaulu, kutiwa moyo, na kutulia kwa mwili.

Namna ya kuipima

Swali “Je, unajua kuogelea?” halitoshi, kwa maana kila mtu ana maana yake ya kujua. Hojaji nzuri hutaja kazi mahususi, kuanzia nyepesi hadi nzito: kuzamisha uso na kutoa pumzi ndani ya maji, kuelea chali, kuogelea mita 25 bila kupumzika, kubaki juu ya maji mahali ambapo miguu haigusi chini. Kwa kila kazi mwanafunzi hujipa alama kuanzia 0, yaani hawezi kabisa, hadi 100, yaani ana hakika kamili. Huulizwa anachoweza leo, si anachotumaini kukiweza kesho. Hutumia namba badala ya jina, ili aibu isimfanye ajiongezee alama.

Hojaji hiyo hujazwa kabla ya mafunzo na baada yake. Kisha mwalimu humpima mwanafunzi majini kwa kazi zilezile.

Matokeo yanatufunza nini?

Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliowahusu wanafunzi 373 wa elimu ya viungo kutoka nchi kadhaa, ulionyesha kwamba uwezo waliojikadiria na uwezo waliouonyesha majini vililingana kwa kiasi cha wastani tu. Ikiwa wanamichezo hujikadiria visivyo, sisi wengine tunapaswa kujihadhari zaidi.

Mwenye uwezo asiyejiamini huhitaji mazoezi ya polepole na mwalimu mvumilivu. Anayejiamini bila uwezo yumo hatarini, kwani huyo ndiye hulikataa jaketi na kuwashawishi wenzake walikatae. Kwa hiyo lengo la mafunzo si kuipandisha alama pekee, bali kuifanya ilingane na ukweli. Tena, alama ya bwawani haihamii ziwani, ambako kuna mawimbi, baridi, giza na nguo zilizolowa. Wahenga walisema: maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Wito wetu

Tunawaomba wazazi, walimu na viongozi wa mialo wawaulize vijana maswali haya mahususi kabla ya kuwaruhusu kuingia majini. Majaribio yafanyike kwenye maji tulivu, mbele ya msimamizi anayejua kuokoa, boya na kamba vikiwa tayari. Na ndani ya chombo, kila abiria avae jaketi, hata yule aliyejipa alama 100. Tukiwafunza vijana kuujua uwezo wao kwa haki, tutapunguza safari za kutafuta miili ziwani.