MAKOSA TUYAFANYAYO KATIKA NDEVU

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu yetu mmoja wa upande wa Nyamira ametuletea suala katika darasa letu la baada ya Magharibi hapa Kisii. Asema kwamba kila Ijumaa hupita kwa kinyozi kabla ya kwenda msikitini, na kinyozi humchonga ndevu kwa mashine mpaka zikawa kama mstari uliopigwa kwa kalamu. Wenziwe wamemwambia kuwa hizo si ndevu za sunna, ni mapambo. Mwengine akamwambia heri azinyoe zote, kwani zake ni chache, zimeota huku na kule hazijaungana. Yeye auliza: amsikize nani? Nasi tumeona jawabu lisiwe lake peke yake, kwani masala haya yameenea katika miji yetu, na wengi wenye kuyasema huyasema kwa ukali unaopita elimu waliyo nayo.

Kabla sijajibu, yanipasa nitaje kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika msikiti mmoja, alikuja kijana wa Kigusii aliyesilimu karibuni. Ndevu zake alikuwa amezinyoa zote, ila uzi mwembamba uliotoka sikioni ukazunguka kidevu. Nilimkemea mbele ya safu nzima. Nilimwambia kuwa amefanya denge katika uso kama wale wanyoao denge katika kichwa, na kwamba amejifananisha na wacheza ngoma. Hakunijibu neno. Alivaa viatu vyake akaenda zake, na karibu mwaka mzima hakuonekana. Habari yake nitaimaliza mahali pake.

Asili ya jambo hili ni Hadithi ya Ibn Umar waliyoipokea Bukhari na Muslim, ambayo ndani yake Mtume s.a.w. aliwaamrisha Waislamu wajitenge na ada za washirikina, wazifuge ndevu na wayapunguze masharubu. Na Bukhari ameeleza kuwa Ibn Umar huyo huyo, alipokuwa akihiji au kufanya Umra, alizishika ndevu zake kwa ngumi, kisha akakata zilizozidi. Basi yule asemaye kuwa haijuzu makasi kugusa udevu hata mmoja, na ajue ya kuwa mpokezi wa Hadithi yenyewe alipunguza.

Ama kuzinyoa zote, wanavyuoni wengi wamesema ni haramu. Katika madhehebu yetu ya Kishafii, kauli iliyotegemewa na waliokuja nyuma, kama Ibn Hajar na Ramli, ni kuwa ni makuruhu. Na wengine katika hao hao Mashafii, kama Ibn al-Rifaa, wakasema ni haramu, wakiegemea maneno ya Imamu Shafii mwenyewe katika Al-Umm. Khitilafu hii nimeitaja kwa kusudi. Mtu aweza kuichukua kauli iliyo kali kwa nafsi yake, na hilo ni jema. Lakini kumfungia ndugu yako mlango wa msikiti kwa jambo ambalo maimamu wa madhehebu yako mwenyewe wamekhitilafiana, hilo halina kitabu.

Sasa natuyatazame makosa yenyewe. Watu hudhani kuwa kuzichezea ndevu ni balaa la vijana wa leo, lililoletwa na mashine za umeme na picha za wacheza mpira. Sivyo. Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka 505 wa Hijra (1111), aliyataja katika Ihya mambo kumi yachukizayo katika ndevu, na Imamu Nawawi, aliyekufa mwaka 676 (1277), katika sherehe yake ya Sahihi Muslim akayafikisha kumi na mawili. Mwenye kuyasoma atadhani Nawawi alikuwa ameketi kwenye benchi la kinyozi hapa Daraja Mbili siku ya soko. Ametaja kuzipanga ndevu tabaka juu ya tabaka ili wanawake wapendezwe nazo. Ametaja kuzing'oa au kuzinyoa zinapoanza tu kuota ili mtu abaki na sura ya kitoto. Ametaja kuzifunga mafundo na kuzisuka, kung'oa mvi, kuzidisha sharafa kwa kuziunganisha na nywele za panja, au kuzipunguza wakati wa kunyoa kichwa, na kung'oa nywele za kando ya kinyweleo kile kilicho chini ya mdomo. Haya yote twayaona, na yakitajwa twafurahi, kwani ni makosa ya watu wengine.

Lakini tazameni alivyoendelea. Amesema pia kuwa ni makosa kuziacha ndevu timtim, zimegandana, ili watu wamuone mwenyewe kuwa ni mtu wa zuhudi asiyeijali dunia. Ni makosa kuzichana kwa ajili ya macho ya watu. Ni makosa kuzitia rangi ya manjano ili mtu afanane na watu wema, hali ya kuwa hana nia ya kuifuata sunna. Tena ni makosa kuzifanya nyeupe kwa kiberiti ili uzee ufike mapema, mtu apate kupewa cheo na kudhaniwa kuwa ni katika mashekhe. Na mtu kuzitazama ndevu zake, nyeusi au nyeupe, akajiona kwa ujana wake au akawatukuzia vijana kwa mvi zake, hilo nalo limo. Basi kati ya hayo kumi na mawili, mangapi ni ya kijana mwenye kuchongwa, na mangapi ni yetu sisi tuliokaa safu ya mbele? Mimi nilihesabu, nikanyamaza.

Kuacha ndevu chafu hakukuwa katika mafundisho ya Mtume. Katika Muwatta ya Imamu Malik imepokewa kuwa mtu mmoja aliingia msikitini nywele na ndevu zimetimka, na Mtume s.a.w. akamuashiria kwa mkono atoke akazitengeneze. Akaenda, akarudi ametengenea. Nasi tunao wenzetu waamkao alfajiri katika baridi ya huku kwetu, wakaogopa maji, ndevu zikawa na makombo ya wimbi la jana, na wakiambiwa husema ni sunna. Maji ya moto, sabuni kidogo, kitana, na mafuta ya nazi tone moja au mawili. Hayo hayampotezei mtu wakati.

Kosa jengine, nalo ni kubwa kuliko yote kwa kuwa lagusa sala, ni la udhu. Watu wengi hawajui kuwa umbo la ndevu labadilisha hukumu ya kuosha uso. Ndevu zikiwa nzito, hata mtu akisimama mbele yako asione ngozi iliyo chini yake, yamtosha mwanamume kuosha juu yake, na ni sunna kupitisha vidole vyenye maji ndani yake, kama alivyopokea Uthman kwa Mtume s.a.w. Lakini ndevu zikiwa nyepesi, ngozi yaonekana, ni wajibu maji yafike kwenye ngozi. Basi yule kijana aliyepunguzwa kwa mashine mpaka ngozi ikaonekana, akapaka maji juu juu kama afanyavyo babu yake mwenye ndevu nzito, udhu wake haukutimia. Na masharubu, na kile kinyweleo cha chini ya mdomo, katika madhehebu yetu huoshwa mpaka ngozini hata vikiwa vizito. Ama josho la janaba, hapo hapana cha nyepesi wala nzito: maji yafike kwenye mashina ya nywele zote. Na ambaye kinyozi amempaka nta au rangi iliyoganda ikawa tabaka juu ya ngozi, na aiondoe kwanza, kwani maji hayapiti.

Masharubu nayo yamesahauliwa. Anas amepokea, katika Sahihi Muslim, kuwa waliwekewa muda wasiupite wa siku arubaini katika kupunguza masharubu na kukata kucha na mengineyo ya usafi. Aliyoyachagua Nawawi ni kuyapunguza mpaka ukingo wa mdomo uonekane. Utamuona mtu ndevu zimefika kifuani na masharubu yameingia katika kikombe cha chai, naye hudhani amehuisha sunna, kumbe ameshika nusu ya Hadithi.

Tuje sasa kwa kinyozi. Hapo kosa si la mteja peke yake. Wembe ulionyoa mtu mwengine usiguse shingo yako, hata ukipanguswa kwa kitambaa, hata ukipulizwa spiriti mara moja. Virusi vya homa ya ini ya aina ya B hukaa nje ya mwili hata siku 7 vikiwa vingali hai, na tone la damu lisiloonekana kwa macho latosha kuvipitisha. Choa nacho hupita kwa mashine isiyosafishwa, kikaacha mabaka kidevuni. Mwambie kinyozi aufungue wembe mpya mbele ya macho yako. Bei yake ni ndogo, na ukiununua wewe mwenyewe ukaenda nao mkononi, hapana kinyozi atakayekukasirikia. Nimewasikia watu wakiona haya kusema, hasa jioni ya kuamkia Idi watu wamejaa mpaka mlangoni. Hapo ndipo pa kusema zaidi.

Na hapa nimalize habari ya kijana wangu. Nilipoambiwa kuwa yuko Keroka akiuza viatu, nilipanda gari nikamwendea, nikamwomba radhi. Ndipo akaniambia jambo ambalo sikumuuliza siku ile. Alikuwa na vipele vya ndevu, vinauma na kutoka usaha, na kinyozi alimwambia anyoe kila siku mpaka chini kabisa, aache uzi ule tu mahali pasipo na vipele. Ushauri huo ndio uliomzidishia ugonjwa. Nywele zetu sisi Waafrika ni za kujikunja. Zikikatwa chini sana, ncha yake kali hugeuka ikaingia tena ndani ya ngozi, na ngozi ikavimba kama iliyochomwa na mwiba. Mwenye kuvuta ngozi na kunyoa kinyume cha mlalo wa nywele hujizidishia. Dawa iliyo kubwa ni kuacha kunyoa, na baada ya wiki kadhaa nywele huchomoka zenyewe. Asiyeweza kuacha, na atumie mashine ibakizayo nywele fupi juu ya ngozi, apitishe wembe kwa upande nywele zilalako, kwanza alainishe kwa maji ya moto. Na vikizidi, aende hospitali. Kijana yule aliacha. Mwezi wa pili uso ulianza kusafika, na ndevu zikaja. Kwa hivyo nilichokiona mimi kuwa ni kiburi kilikuwa ni maradhi, na dawa yake ilikuwa ni hiyo hiyo sunna niliyomtukania.

Kuhusu rangi, nitasema kwa ufupi. Siku ya kufunguliwa Makka, mwaka wa 8 wa Hijra, aliletwa Abu Quhafa, baba yake Abubakar, kichwa na ndevu zimekuwa nyeupe kabisa, na Mtume s.a.w. akaamrisha zibadilishwe, wajiepushe na weusi. Hina yafaa, na hina iliyochanganywa na katam pia, kwani Abubakar mwenyewe aliitumia. Piko nyeusi watu waipakayo ina dawa iitwayo parafenilindiamini, ambayo huwavimbisha wengine uso mpaka macho yakafumba. Aipakaye amekusanya khitilafu ya sharia na hatari ya mwili.

Limebaki la ndugu yetu aliyeambiwa azinyoe kwa kuwa ni chache. Ndevu haziwi sunna kwa wingi wake. Sahaba mtukufu Qays bin Saad bin Ubada, mtoto wa mkuu wa Khazraj, aliyetawala Misri katika zama za Sayyidna Ali, hakuwa na ndevu kabisa. Na wapokezi wa tarikhi wasema Ansari walitamani lau zingekuwa zauzwa wamnunulie. Hakupungua kitu kwa hilo. Mwenyezi Mungu humtaka mtu kwa alichompa, na zako tano ulizozifuga ni sawa na mia za mwenzio. Wala usizikimbilie dawa za kuotesha ziuzwazo sokoni. Iliyo mashuhuri, minoksidili, asili yake ilitengenezwa kuwa dawa ya shinikizo la damu, kisha ikatumiwa kwa upara wa kichwa. Si kitu cha kujipaka bila ya kumuuliza daktari.

Basi ewe ndugu wa Nyamira, Ijumaa ijayo ukikaa kwenye kiti, mwambie kinyozi maneno haya kabla hajawasha mashine. Mashavuni asishushe mstari. Aondoe nywele chache tu zilizotawanyika juu karibu na jicho. Sharafa aziache ziungane na ndevu bila ya kuzikata katikati. Shingoni asipandishe mpaka kwenye mfupa wa taya, kwani hapo hukata ndevu zenyewe, na mtu akageuka kuwa kama aliyevaa ndevu za kubandika. Nywele za chini ya koo wanavyuoni wengi hawazihesabu kuwa ni ndevu, na vitabu vya Kihanbali vyasema wazi kuwa kuziondoa si makuruhu. Basi na asafishe kutoka kikoromeo kwenda chini, na juu ya kikoromeo aache nafasi ya vidole viwili. Masharubu ayapunguze mpaka mdomo uonekane. Wembe uwe mpya. Na ukitoka hapo, nawa uso upya, maji yafike ngozini, kisha nenda kaswali pamoja na wenzio.

Wallahu aalam.